Utenzi Uliokatwa Mkia

Zuhra binti Fikirini aliuza kanga na vitenge katika soko la Masasi, na watu walimjua kwa mambo mawili. Kwanza, alikuwa mtunzi wa tenzi. Harusi ya watu wanaojiheshimu ilikuwa haijakamilika mpaka yeye asimame na kughani, na maulidi ya Chiwata yasingeanza kabla hajafika. Pili, hakuwa mtu wa kuaminishwa jambo kirahisi. Akiletewa kitenge na kuambiwa hakichuji, alichukua beseni la maji akakilowesha pembe mbele ya aliyekileta, na wote wawili wakangoja.

Tabia hiyo alikuwa nayo tangu usichana, lakini ilikomaa baada ya kifo cha Mujibu, mwanawe wa pekee. Mujibu alivuka Ruvuma kwenda kuchimba vito ng'ambo, na huko shimo likamporomokea. Habari aliileta rafiki yake Kurwa, kijana wa Nanganga waliyeondoka pamoja. Kurwa aliingia ndani ameshika shati la Mujibu kwenye mfuko wa nailoni, akasema maneno machache mno: shimo liliporomoka, walimzika hukohuko.

"Nani alimwosha?" Zuhra aliuliza.

Kurwa alimtazama kwanza Abdulatifu, kaka mkubwa wa Zuhra, ndipo akajibu, "Tulimwosha, mama."

Kutazama kule hakukumtoka Zuhra. Aliamini kwamba Kurwa anaficha kitu. Labda alikimbia akamwacha mwenzake. Labda hapakuwa na kaburi kabisa. Hakumuuliza tena, maana aliogopa jibu kuliko alivyochukia kutojua, na Kurwa naye akaacha kupita njia ya sokoni. Watu waliendelea kumwita Mama Mujibu kama zamani, na yeye aliitika.

Mwalimu Silvesta alimkuta sokoni mwaka wa saba baada ya hapo, katika wiki za kwanza za msimu wa korosho. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, mwalimu wa sekondari huko Newala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka cha kushona au cha kujifunga?"

"Sikuja kwa kitenge. Nilikusikia ukighani kwenye harusi, nikauliza jina lako."

Zuhra akaacha kukunja nguo. Silvesta alieleza kwamba upo utenzi wa Wayunani wa kale, utenzi mrefu wa vita, una umri wa karibu miaka elfu tatu. Yeye alikuwa ameusoma kwa lugha yake yenyewe. Wazungu walikuwa wameufasiri mara nyingi, na hata siku hizi kila baada ya miaka michache hutoka tafsiri nyingine. Yeye alitaka iwepo ya Kiswahili, iliyotoka moja kwa moja kwenye Kiyunani.

"Nimejaribu kuuandika kwa nathari," alisema. "Umenifia mikononi. Nahitaji mtu wa kuutia mizani."

"Kiyunani ulijifunza wapi?"

"Seminari."

"Kumbe wewe ni padri."

"Niliacha kabla ya upadrisho."

"Kwa nini?"

"Nilikutana na mke wangu, Flora."

Jibu hilo lilikuja upesi mno, na Zuhra akaliweka moyoni. Mtu aliyeacha ahadi moja anaweza kuacha nyingine. "Na hao Wayunani," alisema, "vita vyao vinanihusu nini mimi?"

Silvesta akamsimulia mwanzo wake, akiwa amesimama palepale kati ya vitenge vilivyoning'inia. Wakubwa wawili wa jeshi moja wanagombania mwanamke waliyemteka. Mmoja ananyang'anywa. Basi anakwenda kukaa kando ya merikebu zake, amenuna, anakataa kupigana, na wenzake wanauawa kila siku yeye akitazama.

"Amekaa tu?" Zuhra aliuliza. "Na watu wake wanakufa?"

"Amekaa tu."

Zuhra aliokota kitenge alichokiacha, akamaliza kukikunja. Kisha akasema angekwenda Newala Jumamosi, kusikiliza tu, na kwa sharti moja: huyo Flora awepo nyumbani muda wote.

Flora alikuwepo. Jumamosi hiyo, na Jumamosi nyingi zilizofuata, alikaa kizingitini akichambua choroko au kushona, mwili wake nusu ndani nusu nje, huku wao wawili wakiwa mezani. Silvesta alisoma kwanza kwa Kiyunani, kwa sauti ya mtu wa misa. Halafu alieleza kwa Kiswahili. Zuhra alisikiliza huku macho ameyafumba, vidole vyake vikihesabu mizani kwenye ukingo wa meza, na baada ya muda alighani beti mbili au tatu. Simu ya Silvesta ilirekodi. Zuhra naye aliweka yake kando, ikarekodi pia. Silvesta aliiona, akageuza ukurasa.

Waligombana tangu siku ya kwanza. Utenzi ule, alieleza Silvesta, unaanza kwa kumwita mungu wa kike aimbe.

"Mimi siwezi kuanza hivyo," Zuhra alisema, akaghani:

*Bismillahi naanza*
*Kwa jina lenye kutunza*
*Hasira ilivyoponza*
*Watu wakateketea*

Silvesta alikuna kichwa. "Ni nzuri, mama. Lakini Bismillahi haimo."

"Haimo kwao. Utenzi wa Kiswahili usiofunguliwa ni nyumba isiyo na mlango. Huyo mungu wenu wa kike atakuja ubeti wa pili, aimbe atakavyo."

Hawakuafikiana, na ubeti ulibaki. Neno la hasira nalo liliwachukua asubuhi nzima. Silvesta alisema Kiyunani hapo kina neno zito, si hasira ya mtu aliyekanyagwa mguu. Zuhra alimpa ghadhabu, akampa kinyongo, akampa uchungu. Kila neno Silvesta alilipima, akalisifu, na kulikataa. Mwisho wakarudi kwenye hasira, na Zuhra akaondoka akijiuliza kama mwalimu anajua anachokitafuta au anamchezesha.

Mashaka yake yalikuwa na sababu. Kuna mistari iliyorudi vilevile, neno kwa neno, kila palipokucha au kila shujaa alipoanguka. "Huu umenisomea juzi," alimwambia. Silvesta alijibu kwamba ndivyo ulivyo. Watunzi wa kale waliughani kwa kichwa, na mistari hiyo ilikuwa mahali pao pa kupumulia. Zuhra alilielewa hilo, kwa kuwa naye anayo maneno yake ya kupumulia, lakini hakulikubali mbele yake. Siku nyingine alimtega. Alimwomba amsomee tena kifungu walichokwisha kukifanya, kana kwamba amekisahau.

"Safari ile ulisema 'alikasirika'," alimwambia baadaye. "Leo unasema 'aliumia moyoni'. Lipi limeandikwa?"

"Neno ni moja, mama. Kiswahili changu ndicho kinachohangaika."

"Au hujui lilipo, unabahatisha."

Silvesta alicheka kidogo. Kizingitini Flora hakucheka. Alimtazama Zuhra kwa muda, kisha akarudi kwenye choroko zake, na Zuhra akawaza: huyu mama naye anajua kitu.

Masasi maneno yalikuwa yameanza. Mjane wa Kiislamu kupanda Newala kila wiki kwa mwanamume wa Kikristo, na mwanamume mwenyewe aliyeukimbia upadri. Abdulatifu alimfuata dadake sokoni.

"Nasikia mnaandika habari za miungu," alisema. "Wake kwa waume, wanagombana huko juu. Na wewe unawatia kwenye mizani ileile unayomsifia Mtume."

"Nimefungua kwa Bismillahi."

"Hapo ndipo ulipoharibu zaidi."

Zuhra akamgeukia mteja. Ukweli ni kwamba utenzi ulikuwa umemshika. Akipima kitambaa alijikuta akiwahesabia watu mizani midomoni. Alimpenda hasa mtoto wa mfalme wa mji uliozingirwa, mtu aliyejua kwamba mji wake utaanguka na bado kila asubuhi anavaa silaha. Beti za mtu huyo alizitunga polepole, akazirudia njia nzima ya kurudi.

Jambo lililoharibu lilitokea adhuhuri moja. Zuhra alikuwa nyuma ya nyumba, kando ya kisima cha kuvunia maji ya mvua, anatawadha. Silvesta alikuwa upande wa pili wa ukuta anaongea na simu.

"Hajui bado, Basil," alisema. "Na mimi sitamwambia. Akijua ataacha."

Zuhra alisimama, maji yakimtiririka viwikoni. Basil alikuwa mhariri wa huko Dar es Salaam, rafiki wa Silvesta tangu seminari, ambaye angeusoma utenzi ukikamilika. Zuhra alijua jina hilo. Sasa aliona amejua na mengine. Kitabu kitatoka kwa jina la Silvesta. Yeye atawekwa mwishoni kwa maandishi madogo, pamoja na wale wanaoshukuriwa kwa chai. Alisali, na kwenye sala mawazo hayakutulia. Aliporudi mezani alighani kama kawaida, lakini beti mbili nzuri zilizomjia alizizuia, akaondoka nazo.

Majuma mawili baadaye walifika kwenye pambano. Mtoto wa mfalme anabaki nje ya ukuta peke yake, anapigana na yule shujaa wa hasira, aliyerudi vitani kulipiza kifo cha rafiki yake, anauawa. Mke wake yuko ndani anashughulika na kazi za nyumba, anasikia vilio, anakimbilia ukutani. Zuhra alighani mpaka hapo.

"Tumemaliza," Silvesta alisema, akafunga kitabu.

"Tumemaliza vipi? Na mwili?"

"Mji unaomboleza. Utenzi unaishia hapo."

"Hauwezi. Haujafungika. Mtu amelala nje, mkewe yuko ukutani, halafu kimya?"

"Wayunani hawakuwa na desturi yetu ya kufunga, mama." Alisema hayo akiwa anatazama mlangoni. Flora hakuinua kichwa.

Njia nzima ya kushuka Masasi, Zuhra alilipima jambo hilo kama anavyopima kitenge. Mwalimu hakuwahi kufunga kitabu kabla yeye hajanyamaza. Leo alikifunga kwa mikono miwili. Basi kipo kilichobaki ndani, na amekizuia akamalizie mwenyewe, ili aseme kazi ni yake.

Hakumwambia mtu. Siku iliyofuata alipanda gari la Tandahimba, kwa Maryam, binti wa marehemu shemeji yake, aliyekuwa akifundisha Kiingereza huko. Alimkuta barazani kwa nyumba yake ya walimu anasahihisha madaftari, nje malori ya korosho yakipishana kwa vumbi. Zuhra alimweleza anachotaka: upo utenzi wa Wayunani wa vita, Wazungu wameufasiri, autafute kwenye simu aone unaishia wapi.

Maryam alitafuta. Haikuchukua muda. "Zipo nyingi, mama mdogo. Nimepata mbili, zote za miaka hii yetu." Alisogeza kidole. "Una sehemu ishirini na nne."

"Sisi tumefanya ishirini na mbili."

"Basi zimebaki mbili."

Zuhra alivuta kiti. Moyo ulimdunda, na kwa sehemu ulidunda kwa furaha, ile furaha chungu ya mtu aliyeshuku na akapatia. "Nisomee. Zote mbili, hiyo na hiyo. Nataka kuona kama na wao wanadanganyana."

Maryam akaanza kueleza kwa Kiswahili, akihama kutoka tafsiri moja kwenda nyingine. Mfasiri mmoja alikata maneno kama shahidi mahakamani. Mwingine alirefusha, akapamba. Zuhra alimkatiza kila mara: huyu amesema nini hapo, na yule? Mara nyingine hawakulingana, naye aliguna. Lakini kisa kilikuwa kimoja. Shujaa wa hasira alimfunga maiti nyuma ya gari lake la farasi akamburuta. Akaendelea kumburuta siku baada ya siku. Hakumzika, wala hakuwaachia watu wa mjini wamzike.

Maryam alipunguza sauti. Alikuwa amekumbuka anamsomea nani. "Mama mdogo, labda hapa tuishie. Mengine ni ya mazishi ya huyo rafiki wa shujaa, na michezo."

"Na baba wa aliyeuawa? Yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

Maryam alitazama simu, akamtazama Zuhra. "Anakwenda kwa muuaji kumwomba mwanawe."

"Endelea."

"Mama mdogo..."

"Maryam, nimepanda gari mpaka hapa. Endelea."

Akaendelea. Mfalme mzee anatoka mjini, anaingia katikati ya kambi ya adui, anaikuta hema ya muuaji. Anapiga magoti. Anaibusu mikono iliyomuua mwanawe. Anamwambia, mkumbuke baba yako, naye amezeeka. Na muuaji analia, wote wawili wanalia, kila mtu na wake. Kisha muuaji anawaita wanawake watumishi.

"Wa nini?" Zuhra aliuliza.

"Wamwoshe. Wamwoshe na kumpaka mafuta, wamvike. Na wafanyie kando, baba yake asimwone."

"Kwa nini asimwone?"

"Huyu mmoja anasema mzee akiona hali ya mwili uchungu utamshinda, atasema neno, na muuaji atamuua naye. Huyu wa pili anasema hivyohivyo, kwa maneno mengi."

Zuhra aliinuka, akajifunga kanga upya. Maryam alimletea maji, hakuyanywa. Alichosema mwishowe hakikuwa kile ambacho Maryam alikitarajia.

"Lipo gari la Newala saa hizi?"

Alifika kwa Silvesta jua likiwa bado lipo juu. Flora alimpokea mlangoni, akamtazama uso, akamwita mumewe bila kuuliza.

"Sehemu ishirini na nne," Zuhra alisema kabla hata ya salamu. "Nimesomewa na Maryam."

Silvesta alishika mgongo wa kiti. "Shikamoo, Mama Mujibu."

"Sijaja kuamkiwa. Nilikusikia na Basil wako. 'Hajui, na sitamwambia.' Nilidhani mnaniibia jina. Sasa niambie mwenyewe."

"Basil alitaka sehemu zote," Silvesta alisema. "Nikamwambia wewe hujui kama zipo. Nilikuwa nimesikia habari za Mujibu tangu siku ya harusi ile. Tulipoanza sikufikiri mbali. Halafu nikaona tunaelekea huko, nikaona unavyompenda yule kijana wa mfalme. Nilidhani ningezifanya mwenyewe baadaye, kwa nathari, ziwekwe mwishoni."

"Ukanikatia mkia kama mtoto anayekatiwa nyama."

"Nilikuhurumia, mama."

"Ulinihurumia mimi," Zuhra alisema, "au ulijihurumia wewe?"

Kwa mara ya kwanza Zuhra alimwona Silvesta anatafuta neno la Kiswahili lisilo la kitabuni. "Nilijihurumia pia," alisema. "Sikutaka kuwa mtu wa kukusomea hayo. Niliogopa kukaa hapa mezani uso kwa uso."

Kizingitini Flora akasema, "Nilimwambia hutapenda."

"Nawe ulikaa kimya wiki zote hizo."

"Nilikaa kimya, dada. Ndiyo."

Zuhra alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa wizi. Alijua kugombana na mwizi. Huruma hakuijulia maneno, ila ilimkera vilevile, pengine zaidi, maana aliiona imefanana na jambo lililomkera miaka saba. Hatimaye alivuta kiti akakaa.

"Fungua kitabu," alisema. "Soma kwa Kiyunani kwanza, kama siku zote. Na usiruke. Nimeshayasikia mara mbili, nitajua."

Sehemu hizo mbili ziliwachukua hadi mvua za masika. Zuhra alitunga polepole kuliko alivyowahi kutunga. Hakulia mezani, jambo ambalo Silvesta alilingoja kila Jumamosi kwa woga. Badala yake aligombana. Hakumwamini yule shujaa.

"Muuaji halii," alisema. "Ameburuta mtu siku zote hizo, leo anapakua chakula anakula na baba yake? Huyu mtunzi wenu ametudanganya."

"Ndivyo alivyosema, mama. Wafasiri wote wameliacha hivyo."

"Wote wamedanganywa na mtu mmoja."

Hata hivyo alilitunga lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, akisema dhambi ni ya mwenyewe Myunani. Beti alizokuwa amezizuia alizitoa, zikaingia mahali pake. Ubeti wa mzee kupiga magoti ulimtoka kwa mara moja, akaughani huku akitazama dirishani:

*Mzee kapiga goti*
*Hakujali cheo, kiti*
*Akasema kwa sauti*
*Mwanangu nimemjia*

Silvesta alisema Kiyunani hakisemi hivyo hasa. Mzee anasema amekuja kukomboa. Zuhra alisema mizani ya kukomboa itakuja ubeti unaofuata. Waliafikiana hivyo, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Kabla ya kuupeleka Dar es Salaam, Silvesta aliomba ukumbi hapo Newala ili usomwe mbele ya watu. Alichagua Jumamosi mchana. Walikuja walimu, wanawake wa kwaya ya Flora, waumini wachache wa msikitini waliotumwa kusikia kama kuna kufuru, na wazee wawili wa Kimakonde waliokaa mbele kabisa wamekunja mikono, kama watu waliokuja kukagua. Maryam alitoka Tandahimba. Abdulatifu alikataa kuja, kisha akaonekana amesimama mlangoni.

Kurwa pia alikuja. Zuhra hakuwa amemwita. Baadaye aligundua Maryam ndiye aliyempelekea habari. Kurwa alikaa nyuma karibu na ukuta, mtu mzima sasa, ameota ndevu, na Zuhra alipomwona alikaribia kuacha. Anataka nini huyu, aliwaza. Amekuja kuona kama nimejua.

Alighani. Hakuuleta wote, isingewezekana. Alianza pale mtoto wa mfalme anapobaki nje ya ukuta, akaenda mpaka mwisho. Alipofika kwenye kuoshwa alitazama nyuma ya ukumbi moja kwa moja, akawa anamghania mtu mmoja. Kurwa alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wa msikitini walikuwa wamesahau kutafuta kufuru. Utenzi ulimalizika kwa muuaji kumuuliza mzee anataka siku ngapi za kumzika mwanawe, na kuzuia vita kwa siku hizo, na mzee kuzika.

Watu walipokuwa wakitoka, Kurwa alimjia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Yule mzee alipewa siku kumi na moja," Kurwa alisema. "Sisi tulipewa asubuhi moja."

Zuhra alimwangalia vizuri. Watu walimpita pande zote, naye hakuwaona. "Kaa," alisema.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbi, na Kurwa akasimulia, polepole, mambo ambayo alipaswa kuyasimulia miaka saba iliyopita. Walimfukua Mujibu kwa mikono na vipande vya mabati. Walinzi wa eneo waliwaambia mpaka mchana pasiwe na mtu. Kulikuwa na mzee wa Kimakua kambini anayejua mazishi. Yeye ndiye aliyemwosha, Kurwa akimmiminia. Maji yalikuwa yale ya kunywa ya kambi nzima, watu waliyatoa yote. Sanda haikupatikana. Mwanamke aliyekuwa akiwauzia chakula alivua kanga yake ya juu, akatoa na ile ya pili.

"Kanga gani?" Zuhra aliuliza.

"Nyekundu, na nyeusi pembeni. Maandishi yake sikuyasoma, mama."

"Na kwa nini hukuniambia hivi siku ile?"

Kurwa alitazama mlangoni. Abdulatifu alikuwa bado amesimama pale, amewapa mgongo. "Mjomba alinishika mkono nje kabla hatujaingia. Akasema niseme machache, nisitaje hali ya mwili. Akasema hutaweza."

Zuhra hakugeuka kumtazama kaka yake. "Nani aliswalisha?"

"Yule mzee," Kurwa alisema. Lakini alisita kidogo kabla ya kusema, pumzi moja tu, na Zuhra alilisikia hilo pengo kama anavyosikia mizani iliyopungua. Alitaka kumkamia papo hapo. Kisha akaliacha.

Jioni ile alirudi Masasi na Abdulatifu kwenye gari moja, viti vya kupakana, na hawakusemezana mpaka gari liliposhuka mlima. Hapo ndipo Abdulatifu aliposema, macho yake barabarani, "Nilidhani nakusaidia." Zuhra akasema amesikia. Zaidi ya hilo hakumpa, na kwa miezi kadhaa hakumpa.

Utenzi uko Dar es Salaam kwa Basil. Ameandika kwamba utachapishwa kwa majina mawili, na Zuhra amejibu kwamba ataamini akiushika. Newala anakwenda bado, ingawa si kila Jumamosi, na Flora siku hizi hukaa mezani pamoja nao.

Kurwa ameanza kupita tena njia ya sokoni akija Masasi. Husimama mbele ya vitenge, huamkia, na Zuhra humuuliza jambo moja. Mti gani ulikuwa karibu. Walimlaza upande upi. Mwanamke wa kanga alikuwa mtu wa wapi. Kurwa hujibu, na Zuhra huendelea kukunja nguo zake, akilipima jibu. Mengi ameyaamini. Lile la sala ameliweka kiporo, na Kurwa, yaelekea, anajua kwamba siku yake itafika.